Mashine za Kombe Kutoka Arabuni

Kila jioni akitoka shule, Kabibi alikuwa haulizwi anakwenda wapi. Alitua mkoba nyumbani, akanywa maji, akashika njia mpaka karakana ya baba yake, huko Barani, Malindi. Kazi yake ilikuwa kufagia maranda na kuyajaza guniani, maana mama alipikia hayo hayo. Baba yake, Mramba, alikuwa seremala wa mikono: randa ya kusukuma, msumeno wa kuvuta, na keekee ya kutobolea mbao, ile ya kuzungusha mpaka bega liume.

Ukuta kwa ukuta na Mramba palikuwa na seremala mwingine, Kaingu, mtu wa maneno mengi na kicheko. Mtoto wake, Kahonzi, alisoma darasa moja na Kabibi, la saba. Wazee hao wawili waliazimana misumari, gundi, hata ugoro. Kazi ikimzidi mmoja, alimgawia mwenzake. Hakuna aliyesema kuwa ni wema. Yalikuwa mazoea tu.

Basi mwaka ule, themanini na saba kama sikosei, Kombe, nduguye Kaingu, akarudi kutoka Arabuni alikokuwa akiendesha lori. Alikuja na redio kubwa, na mablanketi mazito ambayo sijui kwa joto la Malindi yalikuwa ya nini, na mashine mbili za umeme: keekee na randa. Mtaa mzima ukaenda kuzitazama.

Sasa, kanisa lilikuwa linataka mabenchi mapya, na wazee wa kanisa walikuwa wamekwishamwambia Mramba kwamba atayatengeneza yeye. Waliposikia habari ya mashine wakageuza maneno. Yote akapewa Kaingu, ili yawe tayari kabla ya Krismasi. Mramba hakulalamika. Ila Kabibi alimsikia akimwambia mama kwamba viatu vya mtoto vya shule vitangoja kidogo.

Hapo ndipo gere, ule wivu wa moyoni, ilipomwingia Kabibi. Akimwona Kahonzi anacheka na wenzake, alihisi anachekwa yeye. Akipita karakana ya Kaingu, alikaza macho njiani.

Jumamosi Kaingu akaita majirani waje waone mashine zikifanya kazi. Palikuwa na chai na mahamri. Kabibi naye alikwenda, maana mwenye gere hatulii nyumbani. Anataka kujionea kwa macho yake kile kinachomuumiza. Kahonzi akampa ile keekee aishike aone uzito wake. Kabibi akaigeuza, na ubavuni akaona kibati kidogo kimeandikwa volti 110.

Akakumbuka mara moja. Darasani, mwalimu wa sayansi alikuwa amechukua balbu ya tochi ya betri mbili, akaiunganisha na betri nne. Ikawaka kwa mng'aro mkali, kisha pu, ikafa. Akawaambia kila kitu cha umeme kina kipimo chake, na umeme wa majumbani Kenya ni volti 240. Kabibi akafungua kinywa kusema.

"Irudishe sasa, usije ukaivunja," Kahonzi akamwambia. "Kwenu endeleeni kuzungusha kwa mkono."

Watoto wakaangua kicheko. Kabibi akairudisha mashine, na kinywa akakifumba.

Hata kichwa cha waya kilikataa. Kilikuwa na meno mawili bapa, na tundu za ukutani ni tatu zenye pembe nne. Lakini Kombe alifanya kama wengi walivyokuwa wakifanya siku hizo. Akakata kile kichwa, akachuna nyaya, akazisokomeza ukutani zikiwa uchi, akazibana kwa njiti za kiberiti. Ni jambo la hatari sana, limeshaua watu, msilijaribu.

Keekee ikalia kwa sauti nyembamba kali, ikatoboa ubao wa mvule kama inatoboa papai. Watu wakapiga makofi. Kombe akajigamba kwamba hata kule Arabuni haikuwa na kasi namna ile. Hajamaliza, ikatoka harufu ya kuungua, ukafuata moshi, na mashine ikanyamaza kabisa.

Kabibi aliona raha rohoni kama mtu anayelamba sukari. Lakini alipomwona Kaingu ameishika ile keekee kwa mikono miwili, anaipuliza kama mtu anayempepea mgonjwa, ile raha ikamkauka.

Jumatatu walipotoka shule, Kahonzi alikuwa mnyonge. Alisema baba yake hali chakula vizuri, maana wazee wa kanisa wameanza kunung'unika. Ami yake Kombe anasema keekee ile ilikuwa mbovu, aliuziwa na tapeli, lakini randa ilitoka duka jingine. Leo wataijaribu.

Kabibi hakungoja kusikia zaidi. Alikimbia na mkoba wake mgongoni. Alipofika, Kombe alikuwa ameinama ukutani na njiti za kiberiti mkononi.

"Shikamoo, Baba Kahonzi. Msiichomeke, itaungua kama ile nyingine."

Akawaonyesha kibati cha randa, nayo volti 110. Akawaeleza habari ya balbu na betri nne. Kombe akakisoma kibati, akaziweka njiti chini. Kaingu akamtazama mtoto.

"Na kile cha keekee ulikiona lini?"

Angeweza kusema hakukiona. Nani angejua?

"Jumamosi," Kabibi akasema. "Kabla haijawashwa. Niliona gere, kwa sababu ya mabenchi. Nikanyamaza."

Kombe akaja juu, akasema mtoto huyu ana roho mbaya. Mramba alikuwa amesikia yote ng'ambo ya ukuta, akaingia na vumbi lake la mbao. Watu wakadhani atamchapa.

"Kama ni roho mbaya, mimi pia ninayo," akasema. "Ule moshi ulipotoka, nilicheka moyoni. Nisamehe, ndugu yangu. Mtoto huyu atalipa kwa kazi."

Kaingu akainamisha kichwa. "Na mimi nilichukua mabenchi yote, nisikuulize hata neno moja. Tangu lini tukaishi hivyo?"

Siku hiyo hiyo wakamwendea Ochola, fundi wa umeme wa hoteli moja ya watalii. Akawatafutia transfoma, sanduku la kushusha nguvu ya umeme, akawafungia kichwa cha waya kinachofaa, akamgombeza Kombe kwa zile njiti. Keekee akaisuka upya koili, ule waya wa ndani ulioungua. Mabenchi wakagawana nusu kwa nusu, na randa ya umeme ikafanya kazi pande zote mbili za ukuta. Kila Jumamosi Kabibi alipiga msasa mabenchi ya Kaingu mpaka vidole vikamchubuka. Kahonzi akaja kumsaidia bila kuambiwa.

Benchi la mwisho lilipokwisha, Kaingu akakaa juu yake kulijaribu, akamwita Kabibi akae naye.

"Gere utaiona tena, mwanangu," akamwambia. "Hata mimi na uzee huu naiona. Hiyo huja yenyewe. Lakini siku ukijua jambo la kumwokoa mwenzako na hasara, mwambie kwanza. Gere yako utaiona baadaye, ukipata nafasi."

Kabibi akacheka. Akachukua msasa, akainuka kumalizia mguu mmoja uliokuwa bado unakwaruza.