Haina Hata Mkwaruzo

Asubuhi ya kwanza, tangi la mafuta lilikuwa na joto.

Fundi rangi aliliwekea kiganja, akakiondoa, akakirudisha. Pikipiki ilikuwa sebuleni, imezimwa tangu jana mchana, na sakafu chini yake ilikuwa baridi kama kawaida. Lakini tangi lilikuwa na joto la shavu la mtu mwenye homa. Akajiambia ni jua la dirishani, ingawa dirisha lile lilitazama ukuta wa jirani.

Ilikuwa pikipiki kubwa, ya kukaa chini na kunyoosha miguu mbele kama bwana mkubwa kibarazani. Ilikuwa ya mkono wa pili, lakini wekundu wake uling'aa kuliko mpya, na yeye, aliyepaka magari rangi tangu ujana, hakuwahi kuona rangi ya zamani isiyo na doa.

"Hii haishuki thamani," muuzaji alimwambia. "Kaa nayo utakavyo, utaiuza kama ulivyoinunua. Haina hata mkwaruzo. Ila rangi usiibadilishe, kaka. Ukigusa rangi umeharibu."

Alisema hayo juani, amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo hadi shingoni. Fundi alidhani ni mtu wa kusikia baridi.

Mkewe hakuipenda. "Inanuka nywele zilizoungua."

"Inanuka mafuta. Ni pikipiki."

"Mume wangu, harufu ya mafuta naijua, nimeolewa na gereji. Hii ni nywele. Itoe nje."

"Nje wataiiba."

"Waibe. Nitawashikia mlango."

Jioni hiyo, mkewe akipita na ndoo, ukingo wa ndoo ukakwaruza tangi. Fundi alinuna, akalala bila kula. Kulipokucha mkwaruzo haukuwepo. Mkewe alikuwa amekaa kitandani, amepandisha gauni, anatazama paja lake: mstari mwembamba mwekundu, urefu uleule, umepinda mwishoni vilevile.

"Umejikuna usingizini," fundi alisema.

"Na tangi nalo limepona usingizini?"

Mtu akikipenda kitu, masikio yake huwa mazito, na fundi hakuwa mbaya kuliko wengine.

Kosa alilofanya baadaye lilikuwa kosa la kazi yake. Mtu mwingine angeiosha tu na kuipanda. Yeye alitaka iwe nyeusi, na kila fundi rangi anajua kwamba rangi mpya haishiki juu ya rangi laini; lazima kwanza uikwangue kwa msasa. Siku ya mapumziko, mchana kweupe, aliitoa uani, akalowesha msasa, akaanza kusugua tangi kwa mizunguko midogo huku akipiga mluzi. Maji ya rangi hayakutoka. Kilichotoka kilikuwa laini, kinanata vidoleni, na chini ya msasa tangi likasisimka kama ngozi inavyosisimka, harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa kooni, na ndipo akatambua kwamba sauti aliyodhani ni mluzi wake unaorudi kutoka ukutani haikuwa mluzi, ilikuwa ya mkewe, ndani, analia kilio kisicho na pumzi, na alipokimbia kwake, msasa bado mkononi, akamkuta sakafuni, mgongo umechunika kwa mizunguko midogo, nadhifu, kazi ya fundi anayeijua kazi yake.

Shangazi yake fundi, aliyetibu watu wenye majini, alifika kabla ya giza. Alimwekea mgonjwa mkono kichwani, akasoma kwa sauti ya chini. Macho yakafumbuka, lakini aliyetazama kupitia macho hayo hakuwa mke wa mtu.

"Wewe nani?" shangazi alinong'ona.

"Mwenye chombo." Sauti ilikuwa nzito, na kule uani ekzosi ikakohoa pamoja nayo, neno kwa neno, ingawa ufunguo ulikuwa mfukoni mwa fundi.

"Unamtakia nini mtoto wa watu?"

"Mimi sichakai. Kuna anayechakaa badala yangu."

"Shangazi, niivunje," fundi alisema. "Nyundo ninayo."

"Vunja," sauti ikasema. "Usikilize mifupa ya nani italia."

Fundi akapiga magoti. "Mwachie. Nichukue mimi."

Kule uani ekzosi ikakohoa mara moja.

"Nimekusikia."

Mkewe akalala. Shangazi akajifuta jasho. "Limemshuka, mwanangu. Mengine siwezi kukuapia."

Mgongo ukapona. Pikipiki ikafungwa mnyororo uani, chini ya turubai, na hakuna aliyeigusa. Kuiuza fundi hakutaka. Kila mnunuzi ana nyumba yake na watu wake. Wakati mwingine aliwaza vifungo vya yule muuzaji, bila hasira. Labda naye alipiga magoti mahali.

Kisha akaja dereva wa lori, mcheshi, mwenye tumbo na mkanda mpana.

"Fundi, nasikia umeficha chuma."

"Hakiuzwi."

"Hata kukionja?" Akafunua turubai, akarusha mguu, akakaa kabla fundi hajamfikia. Kichuma cha mkanda kikapita juu ya tangi, krrr. "Loo. Samahani, mzee. Mkwaruzo tu."

Fundi akajishika mkono, akauma meno, akasubiri. Akasubiri mkononi, mgongoni, mapajani. Maumivu hayakuja. Mwili wake wote ulikuwa mzima, na uzima ule ukamtia hofu ambayo hakuwahi kuijua, huku mbele yake, juani, mkwaruzo ukianza kujifunga kutoka ncha zote mbili kama mdomo uliomaliza kusema.

Ndani ya nyumba sahani ikavunjika. Kisha mkewe akamwita, polepole, kama mtu asiyetaka kuamsha kitu.