Mafuta Kwenye Breki

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu baba alimaliza kupakia mikungu ya ndizi nyuma ya gari, mimi nikakaa mbele na begi langu miguuni, tukaanza kushuka kutoka kijijini kwetu kwenye miteremko ya Mlima Meru hadi Usa River. Baba aliniacha shuleni, kisha akaendelea sokoni. Gari lenyewe lilikuwa dogo, na umri wake ulinizidi zaidi ya mara mbili. Nililidharau kuanzia taa hadi bomba la moshi.

Nilikuwa darasa la sita. Nilikuwa nimezoea kushika nafasi ya kwanza au ya pili, na kwa sababu hiyo niliamini kwamba watu wa nyumbani kwetu wamenizidi umri tu, akili hapana.

Mwezi ule gari lilianza kupiga kelele. Baba akikanyaga breki, gurudumu la mbele kushoto lililia kwa sauti nyembamba na kali. Kelele hiyo ilikuja hasa mbele ya geti la shule, mahali ambapo ni lazima kusimama.

"Jamani, Elinipa ameleta nguruwe shuleni!" alipaza sauti Richard, mvulana wa darasa letu ambaye kwao hawana hata baiskeli. "Nani anamchinja?"

Wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilimwona Richard mjinga, lakini kicheko chake kiliniuma.

"Baba, gari hili linatutia aibu," nilisema Jumanne jioni.

"Linatuambia kuna kitu kinaisha," alijibu bila haraka. "Nimeshaongea na fundi Nashipae. Jumamosi tunalipeleka gereji kwake. Mpaka siku hiyo tutakwenda taratibu, na bibi yako sitambeba. Keshokutwa atashuka kliniki kwa gari la jirani yetu Mzee Fanuel."

Taratibu! Neno hilo la baba lilinichosha. Jumamosi ilikuwa mbali, na mimi sikuwa tayari kuitwa mwenye nguruwe kwa siku tatu zaidi.

Nikaenda kwa Godwin, mtoto wa mama mdogo. Godwin alikuwa ameosha magari Usa River kwa miezi mitatu, na miezi hiyo ilimtosha kujiita fundi.

"Oya, chuma kikilia ni ukavu huo," alisema huku akizungusha kitambaa kidoleni. "Kimwagie oili, kinatulia. Hao mafundi wanawapiga watu tu."

Siku zote nilimdharau Godwin. Siku ile nilimwamini kwa kuwa alisema nilichotaka kusikia.

Jumatano alasiri baba akiwa shambani kwenye kahawa, nilichukua oili chafu ambayo yeye huipaka nguzo za uzio zisiliwe na mchwa. Niliivuta kwa bomba la sindano la kutibia ndama, nikaipenyeza kwenye matundu ya rimu mpaka ile sahani ya chuma inayong'aa ndani ikalowa. Kazi haikuchukua hata dakika kumi. Nilijiona mhandisi.

Jioni baba alisogeza gari uani. Akakanyaga breki. Kimya. Akasogea tena, akakanyaga tena. Kimya.

"Kumbe lilikuwa vumbi tu!" alisema kwa furaha. Hapohapo akampigia simu Mzee Fanuel kwamba asijisumbue, kesho atampeleka mama yake mwenyewe. Nami nilitabasamu, na nilimcheka baba kimoyomoyo.

Alhamisi asubuhi Bibi Ruth alivaa gauni lake la kanisani, akakaa kiti cha mbele na kadi yake ya kliniki mkononi, mimi nikakaa nyuma yake. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Madaktari wa macho walikuja mara moja tu kwa mwezi, na saa sita mchana waliondoka. Siku hiyo bibi alitazamia kupangiwa tarehe ya upasuaji. Karibu mwaka mzima alikuwa hajaweza kusoma Biblia yake.

Uani kwetu pana mteremko mdogo unaoelekea kwenye geti. Baba aliachia gari lishuke, kisha akakanyaga breki. Gari likavuta upande wa kulia kwa nguvu, likapita kando ya nguzo ya geti na kusimama pua ikiwa ndani ya migomba.

"Umande huu," alisema baba, akarudi nyuma. "Umeumia, mama?"

"Mimi sijambo. Twende, mwanangu, tutachelewa."

Nje ya geti barabara inateremka sana mpaka kwenye daraja la kijito, na daraja hilo halina kingo. Nilitazama kisogo cha bibi. Nikielewa au nisielewe mambo ya magari, nilijua fika kwamba umande haukumwagwa na mtu, na oili niliimwaga mimi. Kusema kulinitia aibu kuliko kelele zote za Richard.

"Baba, simama! Usitoke!" nilipiga kelele. "Niliweka oili kwenye breki. Nilitaka isilie."

Baba alizima gari. Aligeuka, akanitazama, na mimi ningependa anichape kuliko vile alivyonitazama.

"Na bibi yako amekaa humu," alisema.

Mzee Fanuel alikuwa ameshaondoka zamani. Baba akampigia simu fundi Nashipae, naye akaja kwa bodaboda, sanduku la spana mapajani. Ni mwanamke mfupi, wa kutoka magharibi mwa mlima, asiye na subira na mtu anayesema asichokijua.

"Shikamoo, yeyo," alimsalimia bibi, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Marahaba. Wamenikalisha kwenye gari lisilokwenda."

Nashipae alichungulia rimu lililotapakaa oili. "Nani daktari wa gari hili?"

"Mimi," nilisema. "Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Nani alikufundisha?"

Nilimtazama Godwin, aliyekuwa amekuja kushangaa. "Mimi nilisema labda," alijitetea.

"Labda! Wewe hujafungua hata nati moja. Ukiosha sahani tayari ni mpishi?"

Godwin aliondoka bila kuaga. Nashipae alimshusha bibi, akaweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu, akapiga jeki, akafungua tairi. Alichomoa kipande cha pedi, yaani kile kinachobana sahani ya chuma ili gurudumu lisimame. Kilikuwa kimebaki chembamba kama ukucha, tena kimelowa oili.

"Unaona kibati hiki?" aliniuliza. "Kimewekwa makusudi. Pedi ikikaribia kuisha, kinagusa sahani na gari linalia. Hiyo ni kengele. Wewe umesikia kengele, ukaenda kuifunga kitambaa. Gurudumu la kushoto likawa linateleza, la kulia linashika, ndiyo maana gari lilivuta upande mmoja. Pale darajani lingewavuta mpaka majini."

Kisha alitushangaza. Baada ya kusugua sahani kwa petroli mpaka ikakauka na kufunga pedi mpya alizokuja nazo pande zote mbili, alishusha gari, akabonyeza kona ya mbele kwa uzito wake wote. "Sikiliza."

Du. Du.

"Nini hicho?" aliuliza.

"Breki?" nilijibu.

"Breki gani, na gari limesimama? Hiyo ni bushi, raba iliyozeeka huko chini. Inagonga gari likipita kwenye mashimo. Itasubiri Jumamosi. Fundi anauliza kelele inakuja lini: ukikanyaga breki, ukikata kona, au ukipita shimo? Mjinga anauliza itanyamazaje."

Nashipae aliendesha peke yake mpaka darajani na kurudi mara mbili, akikanyaga breki kila mahali. Ndipo akamruhusu bibi kupanda. Tulifika kliniki saa tano na nusu, bibi akawa mgonjwa wa mwisho kuingia.

Tulikaa nje kumsubiri. Nashipae, aliyeshuka nasi, alifuta mikono yake kwa kitambaa.

"Nitakuambia jambo moja, halafu nirudi gereji," alisema. "Gari lile ni bovu, lakini lilikuwa linamwambia baba yako ukweli. Wewe ukaliziba mdomo kwa sababu ya kicheko cha watoto. Hilo ni kosa la mtu asiyejua. Lakini leo asubuhi, mle ndani ya gari, ulikuwa unajua, na nusura uuzibe na mdomo wako. Hilo lingekuwa kosa la aina nyingine kabisa. Ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajalipa kwa mwili wake."

Baba alitikisa kichwa kukubali.

Mlango ulifunguliwa. Bibi alitoka akipapasa ukuta, akaninyooshea karatasi.

"Nisomee, mjukuu wangu," alisema. "Wameniandikia siku gani?"

Niliishika kwa mikono miwili, nikamsomea tarehe yake.