Kamera Haijala

"Jumapili, saa kumi na moja jioni. Kasri la Mwezi wa Tisa, Scarborough. Meza moja, nafasi kumi tu. Atakayechelewa ale picha."

Bernadette Gaudet alisoma tangazo lake mara ya pili, akabonyeza kutuma.

Kwa watu elfu nne wa jukwaa la Sahani Tupu, ule ulikuwa mwaliko wa mlo. Walaji wa Toronto nzima hugombana humo mtandaoni juu ya tambi na supu, na kila baada ya miezi kadhaa hukutana mgahawani kula walichokigombania. Wengi hawajuani sura. Kila mtu ana jina lake la jukwaani, na picha ni za vyakula tu.

Kwa mtu mmoja, aliyejiita Mvuke, tangazo lile lilikuwa jibu.

Siku mbili kabla, Mvuke alimwandikia faraghani: "Pascal alinipa jina lako. Aliyemuuza anakula na ninyi wa Sahani Tupu, nilimsikia akijisifu. Sura yake naijua, jina silijui. Walete Kasri la Mwezi wa Tisa, mzigo uko chini yake. Mezani nitakuonyesha. Ukijua kula utaelewa. Fanya haraka, wameanza kunishuku."

Bernadette aliusoma ujumbe ule akiwa amesimama. Akaketi.

Kadi yake ya kazi ilisema mkaguzi wa vyakula. Kadi ilidanganya. Alikuwa jasusi wa Kitengo cha Tisa, na mwaka mzima alikuwa akiliwinda genge la mikunga. Mikunga wachanga, samaki wembamba wa urefu wa kidole, mwili mwangavu kama kioo. Walivuliwa kwa magendo kwenye mito ya Nova Scotia, alikozaliwa yeye, wakafichwa Toronto, wakapakiwa kwenye mifuko ya maji na kurushwa ng'ambo. Mito ya kwao ilikuwa inaishiwa na samaki.

Pascal alikuwa mtoto wa shangazi yake. Miaka ishirini na sita. Bernadette mwenyewe ndiye aliyempenyeza ndani ya genge.

Mwezi Machi maiti yake iliokotwa ziwani.

Simu ikalia. Alikuwa Lorne Abernethy.

"Berna, nimeona tangazo. Mlo wa ghafla hivi? Kuna nini, binti?"

Akamweleza. Angemficha vipi Lorne? Miaka tisa walikuwa washirika. Ndiye aliyemfundisha kulenga shabaha, kufuata gari bila kuonekana, na kushika vijiti vya kulia. Ndiye aliyemwingiza Sahani Tupu, na kanuni za jukwaa aliziandika yeye. Baba yake Bernadette alipofariki, Lorne alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

"Huyo Mvuke ni nani?" Lorne aliuliza.

"Simjui. Nadhani ni mmoja wa walaji."

"Atakuonyeshaje huyo mtu?"

"Hakusema."

"Ahirisha, Berna. Huu mtego naunusa kutoka hapa."

"Siahirishi, mzee. Pascal nilichelewa. Huyu sichelewi."

"Basi niwekee kiti."

Kuongoza kikosi cha makomando ni kazi nyepesi. Jaribu kuwaketisha walaji kumi! Hadi usiku nafasi kumi zilikuwa zimegombewa na watu thelathini. Mmoja hali giligilani. Mwingine aliomba aje na mama mkwe wake, akaulizwa kama mama mkwe ni mboga au mchuzi. Watatu walithibitisha, wakajitoa, wakathibitisha tena. Mmoja aliandika aya nane kueleza kuwa mgahawa ule umeisha tangu mpishi wa zamani aondoke, halafu akaomba kiti karibu na jiko.

Bernadette alikata majina bila huruma. Akabakiza wale waliokuwa Toronto wiki aliyouawa Pascal. Lorne naye alikuwepo mjini wiki ile, lakini kiti chake alikihesabu kama cha askari mwenzake.

Jumapili ikafika.

Jua la Mei lilikuwa bado kali nje ya Kasri la Mwezi wa Tisa. Ford Transit nyeupe iliegeshwa ng'ambo ya barabara. Ndani yake alikuwemo Jagdeep Sandhu wa Kitengo cha Tisa na vijana sita wenye silaha.

Lorne alimtazama Bernadette kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Bastola hiyo inaonekana, shati lako jembamba. Mwachie Jag. Mimi ninayo yangu."

Bernadette alimpa Jag ile Glock 19. Hakujiuliza mara mbili.

Walaji waliingia wakicheka, kila mmoja na karatasi ya jina kifuani. Mfalme wa Bamia alikuwa mzee Prakash Nambiar, mwalimu mstaafu wa hesabu. Jicho la Njaa alikuwa Odessa Fairweather, muuguzi mnene mwenye Nikon kubwa shingoni, na juu yake taa ya kumulika. Lorne alikuwa Baba Mchuzi.

"Hiyo taa usiiwashe mezani, dada," Lorne alimtania. "Unazijua kanuni."

"Nazijua, baba. Inakaa tu kama pambo."

Wakaizunguka meza ya duara. Katikati yake palikuwa na kioo kikubwa cha kuzunguka, ambacho sahani ziliwekwa juu yake. Mhudumu mmoja, mama wa miaka hamsini na kitu, alipita akimimina chai kimyakimya.

Supu ikaja. Hakuna aliyeigusa. Kanuni ya kwanza ya Sahani Tupu ni kwamba kamera hula kwanza: hadi picha zipigwe, kijiti hakiinuliwi na kioo hakizungushwi. Odessa alipiga picha, ndipo wakala. Kaa wa tangawizi akaja. Picha, wakala. Bata akaja. Picha, wakala.

Bernadette hakuonja ladha ya chochote. Alikuwa akisoma nyuso. Nani kati yenu ni Mvuke? Nani alimuuza mtoto wa watu?

Yule mama akatoka jikoni na samaki mzima wa kuchemshwa kwa mvuke. Akamweka juu ya kioo na kusogeza sahani taratibu.

Wakati huohuo kisikizi kikakwaruza sikioni mwa Bernadette. Alikuwa Jag.

"Berna, lori limeingia uani. Watu wawili. Wanaegesha kwenye mlango wa chini."

Akainamia saa yake, mlimokuwa na kipaza sauti. "Subiri amri yangu."

Alipoinua macho, kichwa cha samaki kilikuwa kinamtazama mzee Nambiar.

Ukijua kula utaelewa! Kwa desturi ya Wachina, kichwa cha samaki mzima huelekezwa kwa mgeni mkubwa kuliko wote mezani. Alifundishwa hilo mlo wake wa kwanza. Mvuke hakuwa mlaji. Mvuke alikuwa yule mama wa chai, na alikuwa ameshamaliza kusema.

Nambiar? Mzee huyu anayetoa machozi akisifu bamia za marehemu mkewe?

Akainua saa mdomoni. "Jag, ni—"

"Wee Baba Mchuzi!" Odessa alipiga kelele. "Kamera haijala!"

Meza nzima ikaangua kicheko.

"Kazungusha kioo!"

"Mtunga sheria kavunja sheria!"

"Akaoshe vyombo!"

Lorne alikuwa anacheka pia, mkono wake ungali kwenye ukingo wa kioo. "Nilikuwa namtafutia mwanga mzuri, jamani."

"Mwanga gani, na dirisha liko nyuma yangu?" Odessa alisonya. "Bahati yako nilishawahi kupiga moja."

Lorne aliacha kucheka.

"Nionyeshe," Bernadette alisema.

Odessa akaigeuza Nikon. Kwenye kioo cha kamera kulikuwa na samaki, moshi wa mvuke, na mkono wa yule mama kwenye ukingo wa sahani. Kichwa cha samaki kilielekea kifuani kwa mtu mmoja. Karatasi ya jina ilisomeka vizuri kabisa.

Baba Mchuzi.

Alihisi aibu kabla ya hasira. Aibu ya mtu aliyemkaribisha nyoka, akamtandikia, akamweleza na mahali watoto wanapolala. Kila siri ya Pascal aliipeleka yeye mwenyewe kwa muuaji wa Pascal, na kahawa juu yake.

Akageuka. Kiti cha Lorne kilikuwa kitupu. Mlango wa jikoni ulikuwa unajifunga, na kabla haujafungika aliona mkono wa Lorne umeshika kiwiko cha yule mama, kama mtu anayemsaidia bibi kuvuka barabara.

"Dada Odessa, niazime kamera."

"Angalia lenzi yangu!"

Bernadette alishaondoka.

Alipita jikoni katikati ya masufuria na matusi ya wapishi. "Jag. Ni Lorne."

"Lorne yupi?"

"Lorne wetu."

"Mungu wangu."

"Zuia lori. Sasa."

Ngazi za kwenda chini zilikuwa mbele yake. Mikunga wachanga hawapendi mwanga, kwa hiyo chumba kizima kilikuwa giza. Pampu zilinguruma na maji yakanong'ona kwenye matangi. Alivua viatu, akateremka.

"Simama hapo, Berna."

Lilikuwa umbo tu. Maumbo mawili. Mkono mmoja wa Lorne ulikuwa shingoni mwa yule mama, na wa pili ulikuwa na bastola.

"Nilikuambia uahirishe," alisema. "Nilikusihi."

"Pascal naye ulimsihi?"

"Pascal aliijua hatari."

"Alikula nyumbani kwako, Lorne. Krismasi. Ulimpa sweta."

"Usinifanyie hivyo."

"Ulikuja kwenye mazishi yake. Ulinishika bega."

"Na nilikuhurumia kweli!" Sauti ya Lorne ilipasuka. "Miaka thelathini nimekimbizana na magenge. Nilipata nini? Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nipumzike. Nipishe nipande lile lori. Huyu nitamwachia njiani."

Yule mama akaongea kwa mara ya kwanza. "Muongo. Pascal pia aliambiwa ataachwa njiani." Akavuta pumzi. "Mimi ni Mui, binti. Pascal alikuwa akinibebea ndoo humu ndani. Aliniita shangazi."

Neno lile lilimchoma Bernadette kuliko yote. Vidole vyake vikaipapasa Nikon, vikapita kwenye lenzi, vikapata kitufe cha ile taa.

"Mzee," alisema taratibu. "Mama Mui. Mtu akipigwa picha hufumba macho."

Mama Mui alifumba.

Lorne hakuwahi.

Mwanga mweupe ulilipuka gizani. Matangi yote yakawaka, mikunga elfu na elfu wakatawanyika ndani ya maji. Lorne alipiga ukelele na kufyatua risasi, ikatoboa tangi nyuma ya Bernadette. Bernadette alikuwa ameshainama. Alimulika tena na kuingia chini ya mkono wenye silaha, akaukunja kama alivyofundishwa na mwenye mkono. Mfupa ulilia. Bastola ikaanguka majini.

Akampiga kiwiko kooni. Lorne alipiga magoti.

"Kamera imekula," Bernadette alisema.

Sikioni Jag alikuwa anahema. "Lori limekamatwa. Wawili chini ya ulinzi. Hakuna aliyeumia. Mama yuko salama?"

Mama Mui alikuwa ameshachukua ndoo. Alikuwa anachota mikunga waliomwagika sakafuni na kuwarudisha majini, akilia bila sauti.

"Yuko salama, Jag."

Alipanda juu. Mezani walaji walikuwa wamesimama, nyuso zimewapauka. Polisi mmoja alikuwa anawatuliza. Samaki alikuwa amepoa, hakuguswa hata pezi.

Odessa aliipokea kamera yake kwa mikono miwili. "Ulikuwa mlipuko wa gesi?"

"Kitu kama hicho. Samahani, dada, nimewasha taa."

"Na Lorne? Lorne yuko wapi?"

Bernadette alichukua kisanduku cha karatasi kwenye meza ya kando. Sahani Tupu wana kanuni nyingine: aliyeondoka mezani mapema hanyimwi fungu lake, hufungiwa. Lorne aliiandika mwenyewe mwaka ule Bernadette alipoitwa kazini katikati ya mlo, na usiku ule akamletea sanduku lake mlangoni, likiwa bado la moto.

Akakata kichwa cha samaki, akakifunga.

Nje, jua lilikuwa bado halijazama. Lorne alikuwa kiti cha nyuma cha gari la polisi, mkono mmoja umefungwa bandeji na mwingine umefungwa pingu kwenye mlango. Macho yake yalikuwa mekundu, yanatoa machozi. Pengine ni ile taa.

Bernadette aliweka sanduku magotini pake.

"Nini hiki?"

"Fungu lako. Mgeni rasmi hupewa kichwa."

"Berna. Nani atakulinda mgongo sasa?"

Alimtazama mtu yule, mvi zake, karatasi ya Baba Mchuzi ingali imebandikwa kifuani. Alikuwa amempenda kama mzazi, na hata sasa moyo wake haukuwa umeambiwa habari. Akanyoosha mkono, akaibandua ile karatasi, akaikunja na kuitia mfukoni.

Akafunga mlango wa gari.

Jag alimrudishia Glock yake. Aliipachika kiunoni, juu ya lile shati jembamba, ionekane na apendaye kuona, akavuka barabara kwenda kituo cha basi. Nyumbani kwa shangazi yake palikuwa upande wa pili wa Toronto, na alitaka kufika kabla ya giza amwambie ana kwa ana ni nani aliyemuua mwanawe.