Kochi la Kijani na Zamu ya Ijumaa

Jua la kwanza la maana likitoka mwezi wa Mei, nusu ya Helsinki huhamia kwenye soko la mitumba la Hietalahti. Watu wananunua vyombo vya bibi za watu, wanakula aiskrimu na makoti bado mwilini, wanapigana vikumbo bila kusemeshana. Katikati ya msongamano huo Saija, dereva wa tramu, koti la manjano na viatu vyekundu, alisimama ghafla. Alikuwa ameona kochi la mtu mmoja la mahameli ya kijani. Juu yake alikaa mwanamume mrefu mwenye ndevu za rangi ya asali na sweta iliyotoboka kiwiko, anakula andazi la iliki bila haraka.

"Kochi linauzwa?" Saija aliuliza.

"Linauzwa."

"Na wewe?"

Mwanamume alimeza andazi kwanza. "Mimi natolewa bure kwa anayenunua kochi. Ila sirudishwi."

"Nikikukuta una kasoro je?"

"Unakagua sasa hivi, dada. Ukishafika nyumbani, kesi imekwisha."

Aliitwa Ilkka, fundi wa kulinganisha sauti za piano. Kochi lilikuwa la mama yake, aliyehama nyumba yake ya Porvoo akaingia kwenye fleti ndogo. Ilkka alikuwa ameliweka sebuleni kwake wiki nzima, akaona halimwachii hata pa kupita. Saija hakuwa na gari, Ilkka naye hakuwa na gari, basi wakalibeba wote wawili mpaka kwenye tramu. Ndani ya tramu Ilkka akalikalia, miguu amekunja nne. Hakuna abiria aliyeuliza. Katika mji huu hata ukipanda na ng'ombe, watu watatazama dirishani. Saija alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hapo hapo moyo wake ukaanza kuteleza.

Ghorofa ya tatu, bila lifti. Mlango ulipofunguliwa alitokea Nappi, paka wa kijivu mwenye kifua cheupe, ambaye tangu anunuliwe hajawahi kukanyaga nje ya kizingiti. Alilinusa kochi, akalipanda, akajizungusha, akalala.

"Limeshapata mwenyewe," alisema Ilkka huku akihema. "Wewe na mimi tutakaa wapi?"

"Nani kakwambia unakaa?"

Akakaa mpaka jioni.

Baada ya hapo simu zikawa hazikatiki.

"Uko wapi, kipusa?"

"Niko mwisho wa njia. Nina dakika nne nigeuze tramu."

"Zinatosha nikuambie nimekukumbuka?"

"Zinatosha na chenji inabaki."

Siku moja Saija akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Ijumaa saa kumi na mbili jioni ni zamu yangu ya sauna, pale chini ya jengo. Ukitaka, uje."

Sisi wa mtaa wa Kallio, mtu anaweza kukupa ufunguo wa nyumba kabla hajakupa nafasi katika zamu yake ya sauna, kile chumba cha joto kali ambamo watu hukaa uchi watoke jasho. Kila fleti ina saa yake moja kwa wiki, na saa hiyo huilinda kwa wivu. Upande wa pili wa simu kitu kilianguka sakafuni.

"Umezimia?"

"Hapana," alisema Ilkka. "Nachagua taulo."

Katikati ya wiki hiyo Nappi alianza kujikuna. Alijikuna shingo, akajitafuna mkia, akaruka usingizini. Saija akachukua kichana chenye meno ya kubanana, akampitisha mgongoni. Kikatoka na chembe nyeusi kama pilipili manga. Akazikung'utia kwenye karatasi nyeupe ya jikoni iliyolowa maji, na chembe zile zikavuja wekundu. Ilikuwa damu ya Nappi, imekwisha kunywewa na kutupwa. Hapo hapo kitu kidogo cha kahawia kikaruka kutoka kwenye kichana kikamtua mkononi.

Viroboto! Kwa paka wa ndani, asiyejua hata majani yananukaje!

Kwenye duka la dawa aliongea kwa kunong'ona, uso umemwiva. Mama wa dukani hakunong'ona hata kidogo.

"Viroboto hawangoji paka atoke, mwanangu. Huingia na suruali ya mgeni, huingia na samani za mitumba. Hao unaowaona mwilini mwake ni wachache tu, ukoo mzima uko kwenye zulia na makochi. Tia matone haya nyuma ya shingo, asipofika kwa ulimi. Haya ni ya paka. Usije ukamtilia ya mbwa, mengine huua paka. Nyumba uifyonze vumbi kila siku, mashuka uyafue kwa maji ya moto. Na wakizaliwa wengine usikate tamaa, maana wakiwa vifukoni mwao wanaweza kungoja wiki na wiki."

"Na mito isiyofulika?"

Mama yule alimtazama kama anatazama mtalii. "Kwani huna sauna? Joto lake huwaua wote."

Alikuwa nayo. Ijumaa, saa kumi na mbili.

"Ilkka," alisema kwenye simu, "Ijumaa haitawezekana. Sauna itakuwa na watu."

"Watu gani?"

"Watu wa... ukoo."

"Aha."

"Aha nini?"

"Aha tu."

Angemwambia ukweli, lakini aliona aibu. Mwanamume nadhifu vile, ukiacha kile kiwiko cha sweta, mwenye leso zilizopigwa pasi, alikuwa amekaa mpaka jioni katika nyumba yake yenye wadudu. Bila shaka alikwisha ondoka nao.

Kumbe upande wa pili wa mji Ilkka naye alikuwa amekunja suruali mpaka magotini, anatazama madoa mekundu kwenye vifundo vya miguu. Akampigia mama yake.

"Mama, lile kochi lilikuwa linakaliwa na nani?"

"Na paka wa jirani. Tangu vuli alikuwa anaingia kwa dirisha la jikoni, analala humo kama kwao. Kwani vipi?"

Ilkka alifumba macho. Alikuwa amembebea mwanamke anayempenda viroboto, kwa mikono yake miwili, ngazi zote zile, huku anatabasamu. Sasa Saija amegundua, na kwa adabu zake amesingizia ukoo ili amwache polepole.

Kwingineko duniani mmoja angepiga simu, wakagombana, na kufikia chakula cha mchana yangekwisha. Sisi huku tunaheshimu kimya cha mtu. Ilkka alinyamaza ili asimsumbue. Saija alipoona amenyamaza, naye akanyamaza ili asimsumbue mwenye kunyamaza. Simu mbili zikalala kifudifudi kwenye meza mbili, na kila mmoja akimlilia mwenzake kimoyomoyo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mshindo wenyewe hawakuusikia.

Saija alifyonza vumbi kila asubuhi kabla ya kazi, Nappi akiwa amejificha nyuma ya mashine ya kufulia. Mara mbili alilikokota lile kochi hadi mlangoni akalitupe, mara mbili akalirudisha. Alimpenda Ilkka, ndiyo habari yenyewe, na kochi ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho.

Ilkka yeye alilinganisha piano ya shule moja mpaka watoto wakasema inalia kama imefiwa. Ijumaa iliyofuata hakuvumilia tena. Alinunua mashine ya kufyonza vumbi, akavaa shati jeupe, akaenda.

Mlangoni alikutana na Bi Kerttu wa ghorofa ya chini, bibi mwenye kofia ya kusokotwa majira yote.

"Wewe si ndiye yule wa kochi?"

"Ndiye, bibi."

"Basi yuko sauna. Wiki iliyopita alishuka na mito. Leo kamshika kijana wa kuleta vifurushi, wakashusha kochi zima. Nimezeekea jengo hili, sijapata kuona mtu anayekoga na kochi. Nenda kamuulize. Mimi kuuliza si kawaida yangu."

Ilkka alishuka, akagonga.

"Ni zamu yangu!" sauti ilifoka kutoka ndani.

"Najua. Si ulinialika?"

Kisha mlango ukafunguka. Saija alikuwa na kaptura na fulana ya zamani, nywele zimemganda usoni, mwekundu kama kiazi sukari cha saladi ya Krismasi. Nyuma yake mito ilikuwa imepangwa benchi la juu, na kochi la kijani limepandishwa katikati yake, linaota joto kavu kama bibi wa heshima.

"Hawa ndio watu wa ukoo?" Ilkka aliuliza.

Saija akajifuta jasho usoni. "Nappi ana viroboto. Nimekuambukiza, Ilkka. Nisamehe."

"Wewe uniambukize mimi? Mimi ndiye niliyekuletea!" Akapandisha suruali. "Ona!"

Saija akanyoosha mguu wake. "Hayo nayo ni madoa? Tazama ya watu!"

"Paka wa jirani wa mama alilala humo tangu vuli. Nimelibeba mwenyewe!"

"Na mimi nimelinunua mwenyewe!"

"Mbona hukuniambia?"

"Aibu. Na wewe?"

"Aibu."

Mficha uchi hazai, na wawili hawa waliuficha wao hadi mlangoni pa sauna, mahali ambapo kila mtu huvua. Saija alianza kucheka, Ilkka akadakia, wakacheka wameshikana mpaka shati jeupe likalowa lote.

"Nilijaribu kulitupa," Saija alisema kifuani mwake. "Limenishinda."

"Nilikuonya. Haturudishwi."

Tangu hapo Ilkka alikuja kila jioni na mashine yake. Kochi lilipona, zulia likapona, na kwa Ilkka nako wakafanya hivyo hivyo. Viroboto wengine walizaliwa, kama mama wa dukani alivyosema, na siku moja Saija alikaa chini akalia.

"Usilie, mpenzi. Wamezaliwa leo tu. Waache waone dunia kidogo, halafu niwafyonze."

Mkesha wa sikukuu ya katikati ya kiangazi, mji umehama wote kwenda mashambani, Saija alimchana Nappi kutoka kisogoni hadi mkiani. Akakikung'uta kichana kwenye karatasi iliyolowa. Karatasi ikabaki nyeupe. Akachana tena, nyeupe tena.

"Wamekwisha! Ilkka, wamekwisha!"

Ilkka alizima mashine, akainamisha kichwa.

"Mbona umenuna, bwana wewe?"

"Kazi yangu imekwisha. Kesho nitakuja kwa kisingizio gani?" Akajikuna ndevu, kwa mazoea tu. "Saija, kwangu zamu yangu ya sauna ni Jumanne. Nimechoka na zamu ya mtu mmoja. Nataka tuwe na zamu moja, na mlango mmoja, mpaka tuzeeke."

"Unaniomba ndoa au unaniomba sauna?"

"Vyote."

Macho ya Saija yalijaa. Alimtazama, akamwacha ateseke kidogo.

"Jumanne nakuwa kazini," akasema. "Tuchukue Ijumaa."

Ilkka akatafuta pa kukaa. Lakini Nappi alikuwa amekwisha liwahi kochi, amelala chali, tumbo juu, hana anachokuna. Ilkka akakaa sakafuni, Saija akamkalia mapajani.

Basi ukipita mtaani kwetu Ijumaa saa kumi na mbili, usigonge mlango ule wa chini. Una wenyewe.