Diwani Mwenye Waajiri Wawili

Kila mwaka baridi ilipoanza kuuma, Tak Sun-rye alimenya matunda ya persimoni, akayafunga kwa kamba na kuyatundika barazani hadi yakauke. Mwaka huu vumbi la machimbo ya kokoto liliyapaka rangi ya majivu. Mnunuzi alikuja, akayatazama, akaenda zake.

"Na bado wanataka kuyapanua machimbo," alisema mumewe, Pyo Man-sik. "Baraza la wilaya litapiga kura Ijumaa."

"Malalamiko yetu si tulimpa Diwani?"

"Tulimpa. Diwani Gi-hwan ni wa ukoo wetu wa Pyo, damu moja. Hatatutupa."

Bi Gu, jirani aliyewahi kuwa karani wa baraza, alicheka. "Mmemkabidhi fisi bucha! Nimeuliza masjala, barua yenu haijafika. Gi-hwan ni mshauri wa kampuni hiyohiyo ya kokoto. Inamlipa kila mwezi."

Sun-rye aliweka kisu chini. "Mwizi mkubwa!"

"Taratibu, dada. Diwani kuwa na kazi nyingine si kosa. Kosa ni kuificha. Sheria inamtaka aitangaze. Tena jambo likimgusa anayemlipa, atoke nje. Asijadili, asipige kura. Huo ndio mgongano wa maslahi: mtu mmoja hawezi kuwa refa na mchezaji."

"Asipotoka?"

"Anayeumia ana haki ya kuandika kwa mwenyekiti, aombe atolewe."

"Hata mimi mmenya matunda?"

"Wewe hasa."

Man-sik alijikuna kichwa. "Jumapili tuna tambiko la mababu. Nitamtazamaje?"

"Machoni," alijibu Sun-rye. "Mababu zenu walikula persimoni, hawakula kokoto. Lete kalamu."

Sun-rye aliipeleka barua mwenyewe kwa mwenyekiti, akagongewa muhuri wa kupokelewa.

Ijumaa, Diwani alimkuta mlangoni mwa ukumbi. "Shemeji, unaniumbua mbele za watu? Mambo ya ukoo humalizwa nyumbani!"

"Shemeji yangu karibu nyumbani, ale ashibe. Hapa namwona diwani anayelipwa na machimbo. Huyo atoke."

"Utajuta."

"Nimeshajuta. Nilikupigia kura."

Mwenyekiti aliisoma barua kwa sauti. Diwani alikusanya makaratasi yake, akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake. Upanuzi ulikataliwa kwa tofauti ya kura mbili. Magari ya kokoto nayo yakaamriwa kufunikwa maturubai.

Jumapili, baada ya tambiko, ukoo mzima ulikaa kula. Sun-rye alimwekea Diwani tunda moja, lile lililoshika vumbi kuliko yote.

"Kula, shemeji. Ni la nyumbani."

Gi-hwan alilitafuna, na mchanga ukasikika menoni mwake. Alimeza kwa shida.

"Kesho nitaitangaza kazi yangu," alisema chini kwa chini.

"Vizuri," alijibu Sun-rye. "Kesho kutwa nitakuja kuisoma kwenye ubao wa baraza."