Bado Mmoja

Rafiki yangu ni fundi wa kompyuta, na si mtu wa kubabaishwa na giza. Adhuhuri moja alishuka peke yake chumba cha chini cha ofisi yao kufuta programu kuukuu ya milango, ile iliyolalamikiwa kila ukaguzi wa usalama. Kwa programu hiyo, mlango haufunguki mpaka kila aliyeingia agongeshe kadi yake ya kutokea kwenye mashine iliyo mlangoni.

Taa zikazimika. Akagongesha kadi yake, kioo cha mlangoni kikaandika: “Bado mmoja.”

“Nani yumo?” akauliza, akijichekesha.

Akaitia kadi mfukoni, akaupiga mlango ngumi, akaita hadi koo likamkauka.

Ndipo mashine ya kadi, pale begani pake, ikalia: tii. Mlango ukafunguka.