Zahanati Iliyochoma Kadi Zake

Ndugu zangu, wengi wenu mlitibiwa katika zahanati ile. Asubuhi mabenchi yalikuwa yameshafutwa, sakafu inanukia dawa, na kadi za wagonjwa zimepangwa kwenye makabati ya mbao pale mapokezi. Tabibu alikuwa chumba cha ndani akipima watu, na mkewe, muuguzi, akiita majina. Miaka kumi na miwili walifanya kazi hiyo pamoja, na nyumba yao ilikuwa na amani.

Kisha kadi zikazidi makabati. Tabibu akaamua kutafuta mtu wa kuwatengenezea programu ya kompyuta ya kutunza habari za wagonjwa.

Wakaja wawili. Wa kwanza alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani. Aliomba akae mapokezi siku tatu aone kazi inavyokwenda. Alishika kadi moja baada ya nyingine akiuliza, "Hii alama ni ya nini? Nani anaruhusiwa kuiandika?" Alisema kazi itachukua miezi saba, na kadi zisiguswe mpaka programu ijaribiwe vya kutosha. Akaacha namba za simu za watu watatu aliowahi kuwafanyia kazi.

Wa pili tulimbatiza Mtanashati. Alikuja na suti na kompyuta nyembamba, akaonyesha kurasa za rangi za kupendeza, jina la zahanati likimeremeta juu.

"Wiki sita tu, Daktari," alisema. "Mimi sina maswali mengi, kazi naijua."

"Umeshawahi kutengeneza ya hospitali?" muuguzi aliuliza.

"Shemeji, programu ni programu. Niliyowafanyia watu wa hoteli inafanya kazi mpaka leo."

Tabibu akacheka. Mkewe hakucheka. Walipobaki wawili alimwambia, "Baba watoto, tuwapigie simu wale watu watatu."

"Yule mama anahoji kama polisi. Sina muda naye."

Simu haikupigwa.

Wiki ya sita programu ikaja kweli, na sote tukaisifu. Wachapaji wa Mtanashati walikuwa wamehamisha majina, umri na magonjwa. Kisha akashauri makabati yaondolewe, mapokezi papumue. Muuguzi alipinga, mumewe akamwambia ni mwoga wa mambo mapya. Kadi zikachomwa nyuma ya jengo.

Jirani yao alikuwa fundi cherehani, mama wa watoto watatu, rafiki wa muuguzi. Kwenye kadi yake muuguzi alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba penisilini inamdhuru. Wachapaji hawakujua maana ya wino ule, na hakuna aliyewaambia. Na kila palipoachwa wazi kwenye nafasi ya mzio, yaani dawa zinazomdhuru mgonjwa, programu ilijijazia yenyewe: "Hakuna."

Siku moja mchana fundi alikuja na kidole kilichojaa usaha, kimechomwa na sindano ya cherehani. Muuguzi alikuwa ameitwa shuleni kwa mwanawe. Tabibu alisoma kwenye kompyuta, akauliza hata hivyo, "Kuna dawa inayokusumbua?"

"Si mnayo yote humo, Daktari? Miaka yote mnaniandika."

Akamdunga sindano ya penisilini.

Muuguzi aliporudi alikuta watu wamejaa mlangoni, na rafiki yake kalala sakafuni, midomo imevimba, pumzi hazipiti. Walihangaika naye wote wawili. Hawakuweza kumwokoa.

Tabibu alimpigia Mtanashati. "Habari za mzio hukunipa, Daktari. Ningejuaje?" Akakata simu. Na hapo, ndugu msomaji, hakusema uongo. Hakuambiwa. Wala hakuuliza.

Baada ya mazishi, mume wa marehemu alikuja. Hakugombana na mtu.

"Naomba kuiona ile kadi," alisema. "Mke wangu aliniambia mmemwandikia kwa wino mwekundu. Ndiyo maana hakuwa na wasiwasi na nyinyi."

"Tuliichoma," muuguzi alijibu, akakaa chini.

Wakaguzi waliifunga zahanati. Muuguzi amehamia kwa dada yake pamoja na watoto. Tabibu anaishi peke yake. Ukimsalimu anaitikia, lakini hakutazami usoni.

Funzo

Ukitaka kutengenezewa programu, usimchague mtu kwa suti yake wala kwa haraka yake. Mchague anayekuuliza mpaka uchoke, uwapigie simu aliowatumikia, na usitupe kumbukumbu zako za zamani kabla hujaijaribu kazi mpya. Mwenzako anayeijua kazi akisema ana wasiwasi, msikilize siku hiyo hiyo. Mtengenezaji akikosea atafunga kompyuta yake aende zake, na nyinyi mtabaki na kaburi.